Alibebwa na Wanne, Akarudi kwa Miguu Yake

Dominika ya 7 ya Mwaka B. Injili: Marko 2:1-12



Injili ya leo hatuisikii katika kila Mwaka B, kwa kuwa Kwaresima ikiwahi, Dominika ya saba huachwa. Leo tumeipata, basi tusiiache ipite bure. Mwinjili Marko atupeleka Kafarnaumu, katika nyumba iliyojaa watu hata mlangoni hapakuwa na pa kukanyaga. Watu wanne wamekuja na mwenzao aliyepooza. Wakiona njia imezibwa, wanapanda juu, wanalifumua paa, wanamteremsha na mkeka wake mpaka mbele ya Bwana.

Mahubiri mengi juu ya somo hili huishia kwenye imani ya wale wanne, au kwenye ubishi wa waandishi waliokaa pale wakinung'unika mioyoni mwao. Yote mawili ni mema. Sisi leo twapenda kulitazama somo kuanzia mwisho wake. Bwana, baada ya kumwondolea dhambi, alimwamuru yule mtu mambo matatu: ainuke, auchukue mkeka wake, aende nyumbani. Wale wanne walikuwa bado hapo juu, na mikono minane yenye nguvu. Bwana hakuwaambia washuke wamsaidie kubeba. Mzigo uliokuwa umembeba aliubeba mwenyewe, akapita katikati ya umati uleule uliomzibia mlango.

Twataka neno hilo lituongoze tunapowafikiria ndugu zetu waliopatwa na kiharusi, na mazoezi ya viungo ambayo yaweza kufanyika si hospitalini tu, bali katika ukumbi wa parokia, kigangoni, na chini ya mwembe wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo.

Kiharusi si ugonjwa wa mguu wala wa mkono, ingawa huko ndiko tunakouona. Ni ugonjwa wa ubongo. Mshipa wa damu unaolisha sehemu ya ubongo huziba, au hupasuka, na sehemu hiyo ikikosa damu huanza kufa kwa muda mfupi sana. Upande wa kushoto wa ubongo hutawala upande wa kulia wa mwili, na wa kulia hutawala wa kushoto. Ndiyo maana mtu aweza kulala mzima, akaamka nusu ya mwili wake haimtii. Mwingine hupoteza usemi. Chanzo kikubwa kuliko vingine ni shinikizo la damu, ambalo wengi wetu twaliita presha. Halina kelele. Mtu huishi nalo miaka mingi, analima, anafanya biashara, anaimba kwaya, asijue.

Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwafuatilia watu waliopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha hesabu zao kwa kuzingatia umri wa watu, waliona kuwa kwa mwaka mmoja, katika kila watu 100,000, Hai walipatwa watu karibu 109, na Dar es Salaam karibu 316. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010. Yeyote aliyefikiri kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Ulaya, au wa wazee wachache wenye mali, ajirekebishe.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, watushangaza zaidi. Watu wa sehemu hizohizo mbili waliulizwa kiharusi hutoka wapi. Kule Hai wengi walitaja presha, vyakula vya mafuta, na mawazo mengi. Dar es Salaam, mjini, penye hospitali kubwa na shule za kila namna, walio wengi walitaja mapepo na uchawi. Basi tusiwacheke wazee wa vijijini! Na madhara ya fikira hiyo twayajua. Nyumba inayoamini kuwa jirani amemroga baba haitamtoa baba uani, jirani apate kumwona. Itamficha. Itauza mbuzi na kuzunguka kwa waganga, na wakati huohuo vidonge vya presha vitabaki katika mfuko wake juu ya kabati.

Fikirini nyumba ambayo kila katekista anaijua, ingawa si nyumba moja tu. Baba amerudi kutoka hospitalini. Amewekwa katika chumba cha nyuma, penye utulivu. Mke wake anamlisha kwa kijiko, binti yake anamwogesha na kumvika, watoto wanafukuzwa wasipige kelele. Katika majuma ya kwanza hivyo ndivyo ilivyopasa. Lakini miezi imepita. Mkono wa kushoto wa baba ni mzima na waweza kushika kijiko. Akijaribu, uji unamwagikia shati, na mama anamnyang'anya kijiko kwa upole akimwambia apumzike. Akitaka kusimama, watu wawili wanamrudisha kitandani wakihofu ataanguka. Wageni wakija wanamsemea. Wanaulizana mbele yake kama amekula, kana kwamba hayupo.

Upendo wa nyumba hiyo ni wa kweli, na hatuna neno la kuwashutumu. Hata hivyo hatuna budi kusema kwamba upendo huo, kidogo kidogo, unamdhoofisha baba. Mguu uliopooza unazidi kukakamaa, na ule mzima nao unakonda kwa kukosa kazi. Moyo na mapafu vinazoea uvivu. Mifupa ya nyonga inapungua ugumu wake, hata siku akianguka itavunjika kwa urahisi. Ngozi ya mgongo inaanza kuchubuka. Na roho je? Katika kila watu watatu waliopatwa na kiharusi, karibu mmoja huingiwa na huzuni nzito ambayo madaktari wanaihesabu kuwa ni ugonjwa. Asipotaka kula, wasemao kuwa amekata tamaa kwa kukosa imani wanamwongezea mzigo.

Lakini baba huyo afanye nini? Chembe za ubongo zilizokufa hazirudi; hilo tulikubali. Ila sehemu za ubongo zilizobaki hai zaweza kufundishwa kuifanya kazi ya zile zilizokufa, na fundisho lake ni kurudia. Kuinuka kitini mara moja hakumfundishi mtu kitu. Kuinuka mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, ndiko kunakofungua njia mpya. Wanawake wetu wanaelewa jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa hakuna binti aliyejua kusuka ukili kwa kutazama tu.

Nafuu kubwa huja katika miezi ya kwanza, na ndiyo maana mazoezi yasicheleweshwe pindi daktari anaporuhusu. Wengine wamelichukua neno hilo na kuligeuza, wakisema kwamba ikipita miezi sita hakuna tena la kufanya. Hiyo si kweli. Katika mji wa Vancouver, huko Kanada, Profesa Janice Eng na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia waliwakusanya watu 63, wote wakiwa na umri wa miaka 50 au zaidi, na wote walikuwa wamepata kiharusi mwaka mmoja au zaidi uliopita. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kusimama na kutembea, saa moja kwa kipindi, mara tatu kwa juma, kwa majuma 19. Kundi jingine lilifanya mazoezi ya mikono hali wameketi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Wale waliosimama na kutembea waliongeza mwendo wao, pumzi zao na nguvu ya mguu uliopooza, na mfupa wa nyonga wa upande ule ulihifadhika kuliko wa wenzao. Tangu hapo mazoezi hayo yamefundishwa katika kumbi za jamii za nchi ile.

Nayo yalikuwa mazoezi gani? Kuinuka kitini na kuketi tena. Kupanda kibao kifupi na kushuka. Kupinda magoti kidogo na kuyanyosha. Kusimama kwa vidole vya miguu. Kutembea upesi upesi, kutembea kwa kuzunguka vitu vilivyowekwa njiani. Wapendwa, parokia gani haina viti? Kigango gani hakina ngazi mbili mlangoni na ukuta wa kushikilia?

Wala wazo la kuwapa watu wa kawaida kazi hii si geni. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kuwa huduma ya afya ianzie pale watu wanapoishi. Kutokana na mwelekeo huo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1989 mwongozo wa kuwafunza watu wenye ulemavu ndani ya jamii zao wenyewe, wakisaidiwa na jamaa na majirani. Wakati huo kama sasa, wataalamu wa fiziotherapia walikuwa wachache kuliko wahitaji. KCMC huko Moshi imekuwa ikiwafundisha kwa miaka mingi, lakini mtaalamu mmoja hawezi kuwa katika kila kijiji asubuhi na jioni. Katekista anaelewa jambo hili bila kuelezwa: padre huja kigangoni mara chache, naye ndiye anayekaa na watu.

Hapa tuwe waangalifu. Mtu aweza kusema: kama ndivyo, jamaa wafundishwe hospitalini, kisha waachiwe mgonjwa wao. Huko India walijaribu. Katika hospitali 14, wagonjwa 1,250 walihusika; nusu yao jamaa zao walifundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani, na nusu wakapata huduma ya kawaida. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2017, ilionekana kwamba baada ya miezi sita makundi hayo mawili hayakutofautiana. Walikuwa wamekufa au kubaki tegemezi karibu 47 katika kila 100, huku na huku.

Sisi hatusomi hapo kwamba jamaa hawafai. Twasoma kwamba mke aliyechoka, ambaye anapika, anafua, anatafuta ada ya shule na kumgeuza mgonjwa usiku, hawezi kutwishwa na kazi ya mwalimu wa mazoezi, akiwa peke yake ndani ya kuta nne, tukadhani tumemaliza wajibu wetu. Marko asema walikuwa wanne. Mkeka wenye mtu mzima juu yake ukibebwa na mmoja huburuzwa.

Makatekista mtatuuliza: tuanzie wapi? Anzeni kwa kwenda zahanati au hospitali iliyo karibu, mzungumze na daktari na mtaalamu wa fiziotherapia ikiwa yupo. Kila mgonjwa apate kwanza ruhusa, kwa kuwa mwenye presha isiyotulia au maumivu ya kifua si wa kusimamishwa kwa pupa. Mwombeni mtaalamu aje siku za kwanza awafundishe watu wanne au watano wenye moyo wa kudumu: pengine mama wa WAWATA, kijana wa kwaya, mwalimu mstaafu. Kisha chagueni siku mbili au tatu za juma, saa ileile, mahali palepale. Kipimo cha presha kiwepo, na mwenye kujua kukitumia. Atakayeona kizunguzungu, au kubanwa na kifua, au kuishiwa pumzi isivyo kawaida, aketi mara moja, asionewe haya.

Jambo moja twalikazia kwa sababu limewaumiza wengi. Tafadhalini, msimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza, wala msimwinue kwa kumshika kwapani. Misuli inayoshikilia bega imelegea. Kiungo huteguka kidogo, na maumivu yake hudumu miezi. Simameni upande wake ulio dhaifu, mkono wenu uwe tayari mgongoni mwake au kiunoni, miguu yake ikanyage chini vizuri, ainamishe kifua mbele, kisha ainuke yeye. Ninyi mpo ili asianguke. Kuinuka ni kwake.

Mkono nao utafutiwe kazi za nyumbani. Kupukuchua mahindi. Kuchambua mchele katika ungo. Kukunja kanga kwa mikono miwili, ule mzima ukiuongoza ule mgonjwa. Kushika kikombe kwa vyote viwili. Atachukua nusu saa kwa kazi ya dakika tano, na vumilia hiyo ya nusu saa, ndugu zetu, ni ngumu kuliko kumfanyia. Tunajua. Mama aliyezoea kuona jiko lake likienda kwa haraka ataona mikono inamwasha. Aikalie.

Twaomba pia kila kipindi kianze kwa wimbo, na wala si kwa sababu ya ibada tu. Wapo waliopoteza usemi kwa kiharusi, hata kutaja jina la mtoto wao hawawezi, lakini wimbo wanaoujua tangu utoto ukiimbwa, maneno yanawatoka. Vivyo hivyo Baba Yetu na Salamu Maria. Akili ya mtu wa namna hiyo aghalabu ni nzima kuliko tunavyodhani. Mpeni nafasi. Mwulizeni swali moja fupi, ngojeni jibu, na mke wake asilimalizie.

Ni nani wa kuleta wagonjwa hao? Wengi hawatakuja wenyewe. Aliyekuwa mwenyekiti wa Jumuiya, aliyekuwa fundi mashuhuri, leo mdomo umependa upande mmoja na mate yanamtoka. Huyo hatatoka chumbani kwa tangazo la kanisani. Aendewe. Aendewe na mwenzake aliyepatwa na kiharusi kabla yake, anayekuja akijikongoja na fimbo yake, na ndiye atakayesikilizwa kuliko sisi wenye miguu miwili mizima. Katika makundi ya namna hii, faida ya kwanza ambayo watu huitaja mara nyingi si nguvu ya mguu. Ni kumwona mwingine aliye kama wao.

Tungetenda vibaya kama tungepita bila kumsemesha mgonjwa anayetusikiliza sasa hivi akiwa amelala, redio ikiwa juu ya meza kando yake. Labda umeombewa mara nyingi. Labda kuna aliyekuambia kwamba kama ungesamehewa ungekuwa umeinuka. Sikiliza tena Injili ya leo kwa utaratibu wake. Bwana alimwondolea yule mtu dhambi zake alipokuwa bado amelala juu ya mkeka. Kwa kitambo kile, kirefu au kifupi, wakati waandishi wakinung'unika, palikuwa na mtu aliyesamehewa kabisa na bado amepooza. Na wanafunzi walipomwuliza Bwana siku nyingine kuhusu yule kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alikataa swali lenyewe. Kwa hiyo mtu asikuhesabie hatua zako na kuzifanya kipimo cha imani yako. Utakayeweza kufika mlangoni tu, fika mlangoni. Kwa baadhi yenu mkono hautafunguka tena. Fizikia ya mwili ina mipaka yake, na sisi hatutawaahidi ambacho daktari hathubutu kuahidi.

Na vidonge, tafadhalini, visiachwe. Presha ikipimwa na kuonekana imetulia, imetulia kwa sababu ya vidonge; anayevitupa akidhani amepona anakaribisha kiharusi cha pili. Sala na dawa havigombani. Katika vipindi vya mazoezi wafundishwe wote dalili, pamoja na wanaowasindikiza: uso ukipinda upande mmoja ghafla, mkono ukilegea, maneno yakiparaganyika, mtu akimbizwe hospitalini saa ileile. Asisubiriwe mpaka asubuhi. Asipewe chai wala uji njiani, kwa maana koo laweza kuwa limepooza na kinywaji kikaingia mapafuni.

Limebaki jambo dogo la kanisani. Katika parokia nyingi imekuwa desturi padre au mhudumu kumpelekea Komunyo mgonjwa pale alipoketi benchini, na ni desturi njema kwa asiyeweza kutembea. Lakini yule aliyefanya mazoezi miezi mitatu ukumbini, akaweza hatua kumi, kisha ishirini, mwulizeni kabla ya Misa kama angependa kwenda mwenyewe. Akisema ndiyo, mpeni nafasi karibu na njia ya katikati. Msaidizi wake atembee upande ulio dhaifu, asimshike isipolazimu. Mstari utasimama nyuma yake, na walio na haraka ya kwenda sokoni wataanza kutazama saa zao. Kwaya iongeze ubeti.